Filimbi Kutoka Cienfuegos

Dansi likishakwisha, fedha zilihesabiwa na kugawanywa sawa kwa sawa. Mpiga besi aliyeianzisha bendi alichukua fungu lilelile alilochukua mpiga kibuyu. Huo ndio utaratibu aliouweka Orestes Aragón Cantero katika mji wa bandari wa Cienfuegos, pwani ya kusini ya Kuba, alipowakusanya wenzake mwezi Septemba 1939 na kuunda kikundi walichokiita Rítmica del 39. Mwaka uliofuata jina lile lenye tarehe likawa limeshapitwa. Wakajiita Rítmica Aragón, na hatimaye Orquesta Aragón. Jina la mwanzilishi likabaki mbele, lakini bendi haikuwa mali yake. Ilikuwa ushirika.

Nimeanza na fedha kwa sababu ndipo bendi nyingi zinapofia. Yeyote aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam anaijua hadithi hii: mwimbaji anayependwa anahama leo, kesho mpiga solo anamfuata, na bendi iliyojaza ukumbi Jumamosi iliyopita inabaki na vyombo bila wapigaji. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Juwata Jazz, Muhidin Gurumo miongoni mwao, waliondoka kwenda Mlimani Park, na miaka michache baadaye Mlimani Park nayo ikanyang'anywa watu vilevile. Aragón imepita kwenye vita vikuu vya dunia, mapinduzi, vikwazo vya biashara, misiba na mabadiliko ya vizazi, na haikuvunjika. Naamini kwa dhati kwamba mgao ule wa sawa kwa sawa ulichangia zaidi kuihifadhi kuliko kipaji cha mtu yeyote mmoja, na vipaji havikukosekana.

Kikundi cha aina yao huko Kuba huitwa charanga. Mbele wanakaa wapiga fidla, wawili, watatu au zaidi. Nyuma yao kuna piano na besi kubwa ya kusimama. Kisha ngoma mbili za bati zilizofungwa kwenye stendi moja, zinazopigwa kwa fimbo nyembamba mara kwenye ngozi, mara ubavuni. Kuna tumba, ileile tumba ya bendi zetu. Kuna kibuyu kirefu kilichochanjwa mistari ubavuni, ambacho Wakuba hukiita güiro. Mpigaji hukikwangua kwa kijiti, mkwaruzo mmoja mrefu na miwili mifupi, usiku kucha bila kupumzika. Juu ya yote hayo inapaa filimbi ya mti yenye vibonyezo vitano tu. Hakuna tarumbeta, hakuna saksofoni, hakuna gitaa.

Umbo hilo lilichukua muda mrefu kukomaa. Watumwa wa Haiti walipoasi mwaka 1791, walowezi wa Kifaransa walikimbilia mashariki mwa Kuba pamoja na watu wao, na ngoma za kumbi za Ulaya zikafika nao zikiwa tayari zimeguswa na mikono ya Waafrika. Tarehe 1 Januari 1879, katika mji wa Matanzas, Miguel Faílde alipiga Las Alturas de Simpson, kazi inayohesabiwa kuwa danzón ya kwanza: dansi ya wawili wawili, ya taratibu, yenye vituo ambapo wachezaji husimama na kujipepea kwa vipepeo vyao. Utumwa ulikuwa bado halali Kuba. Ulifutwa mwaka 1886. Bendi za danzón za wakati ule zilitegemea zaidi ala za kupuliza za shaba. Karne mpya ilipoanza, fidla, piano na filimbi zikachukua nafasi yake, na kelele za uwanjani zikageuka kuwa sauti ya sebuleni.

Mwaka 1938 Orestes López, aliyekuwa katika bendi ya mpiga filimbi Antonio Arcaño, alitunga danzón akaiita Mambo, akafungulia kwenye mwisho wake sehemu ya kurudiarudia iliyowapa wachezaji moto. Neno hilo linahusishwa na Kikongo, lugha ya watu waliosafirishwa kwa maelfu kwenda mashamba ya miwa ya Kuba. Msemaji wa Kiswahili akilisikia hahitaji mkalimani. Mwaka mmoja baada ya wimbo huo, Aragón wakaanza kazi.

Mwaka 1940 bendi ilimpokea mpiga fidla mwenye umri wa miaka 13 hivi, Rafael Lay Apesteguía, mzaliwa wa mji uleule. Miaka minane baadaye maradhi ya mapafu yalimlazimisha Orestes Aragón kuacha kazi, na wenzake wakamkabidhi uongozi kijana huyo, ambaye alikuwa na miaka 21 tu. Wakongwe walikuwepo. Hata hivyo walimchagua yeye, na hakuliondoa jina la mtangulizi wake mbele ya bendi wala hakuubadilisha mgao. Alichobadilisha ni sauti. Lay alikuwa mtu wa nidhamu ya fidla: nyuzi ziingie pamoja, zitoke pamoja, na zikae kwenye mdundo kama mkono wa mtu mmoja. Ukisikiliza rekodi zao za miaka ya 1950 unaweza kudhani unasikia fidla moja kubwa.

Wakati huo Havana ilikuwa mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Bendi ya mkoani ilisafiri kwenda kupiga mji mkuu, ikalala ilipopata, ikarudi nyumbani. Rafiki yao mmoja mashuhuri alikuwa Benny Moré, mwimbaji aliyetokea Santa Isabel de las Lajas, mji mdogo wa eneo lilelile la Cienfuegos, ambaye jina lake lilikuwa limeshakuwa kubwa; aliwasaidia kufunguliwa milango.

Lakini mlango mkubwa zaidi ulifunguliwa na ugomvi wa watu wengine. Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Orquesta América, alikuwa amewatazama wachezaji kwa makini akaona wengi wanababaika. Danzón za kisasa zilikuwa zimejaa midundo ya kuvizia, inayotua kabla au baada ya pale mguu unapoitegemea. Akaanza kutunga nyimbo ambazo sauti yake kuu inatua waziwazi kwenye mapigo, kisha akawapa wanabendi maneno waimbe wote kwa sauti moja, ili hata asiyejua kuimba aweze kufuata. Mwaka 1953 América walirekodi La Engañadora, kuhusu mwanamke aliyekuwa akipita kwenye kona ya barabara za Prado na Neptuno jijini Havana, akageuza vichwa vya wanaume mpaka ikajulikana kwamba umbo lile lilikuwa la kuongezea. Wachezaji nao wakaupatia mtindo huo mwendo wake: hatua mbili, halafu tatu za haraka za kukwangua sakafu kwa soli za viatu. Jorrín alisema aliusikia mlio wa miguu yenyewe ukisema cha-cha-chá, na jina likabaki hilo.

Mtindo ulipokuwa unawaka, América wakaanza kugombana juu ya nani hasa aliyeubuni, Jorrín au kiongozi wa bendi Ninón Mondéjar. Bendi ikaenda Mexico, ikagawanyika. Havana ikabaki na mji mzima unaotaka cha-cha-chá, na bendi iliyouasisi haipo. Aragón walikuwa wamekwisha kuanza kurekodi na RCA Victor mwaka 1953. Mwaka 1955 wakahamia Havana moja kwa moja. Walikuja na kitu ambacho América hawakuwa nacho: mpiga filimbi anayeitwa Richard Egües.

Egües alizaliwa mwaka 1923 Cruces, si mbali na Cienfuegos, katika nyumba ya muziki. Baba yake aliongoza bendi. Alikua akishika kila ala iliyomkaribia, piano, klarineti, saksofoni, kabla ya kutulia kwenye filimbi. Mmoja wa waliomtangulia kwenye nafasi hiyo, Efraín Loyola, alikuwa mpigaji wa haki kabisa, mmoja wa waasisi. Lakini Egües alikuwa kitu kingine. Filimbi ya mti ya vibonyezo vitano ni ala ngumu. Sauti zake za juu kabisa, ambazo charanga inazihitaji ili zisikike juu ya tumba na nyuzi, hazitoki kwa vidole bali kwa midomo na pumzi, na mpigaji akilegea kidogo tu sauti inapotea au inapinda. Egües alikaa huko juu kama ndege aliyekaa tawini. Hakukimbia. Aliacha nafasi, akaingia na sentensi fupi, akanyamaza, akarudi na jibu lake. Wakuba walimwita filimbi ya ajabu.

Utunzi wake uliotangaa kuliko yote ni El Bodeguero, wa mwaka 1955. Bodeguero ni mwenye duka la kona, lile la vitu vya nyumbani, ambalo kila mtaa wa Havana ulikuwa nalo na kila mtaa wa Mombasa au Ujiji unalo. Wimbo unamsimulia muuzaji aliyepandwa na cha-cha-chá mpaka anacheza katikati ya maharage, viazi na pilipili, na kiitikio chake kinahusu chokoleti na deni la dukani. Nani kati yetu hajasimama mbele ya kaunta kama hiyo, daftari la mkopo likiwa wazi, jina la mama likiwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi na tarakimu zinashuka chini yake? Egües hakutafuta jambo kubwa. Alitazama dukani.

Sikiliza jinsi wimbo ulivyojengwa. Waimbaji wanaimba wote kwa sauti moja, bila kupambana, karibu kama watu wanaozungumza. Chini yao fidla zinarudia kipande kifupi kilekile, na kila kinaporudi kinakaa palepale kilipokaa mwanzo. Kibuyu kinakwaruza. Halafu kila waimbaji wanapomaliza kifungu, kwenye upenyo ule mdogo, filimbi inaingia na kusema neno lake. Ni mwendo wa kuitana na kuitikiana, ambao Mwafrika wa kijijini anaujua tangu kulima na kutwanga. Hakuna mahali ambapo bendi inapandisha sauti ili ikuamshe. Nguvu yote imo kwenye kujizuia, na ndiyo maana baada ya miaka 70 hivi wimbo haujachuja.

Mwaka 1958 Nat King Cole wa Marekani, ambaye hakuwa akizungumza Kihispania, aliuimba kwenye santuri yake Cole Español, na kupitia kwake ukafika kwenye nyumba ambazo zisingenunua kamwe santuri ya bendi ya Kuba. Aragón wenyewe walikuwa wakitoa nyimbo mfululizo: Sabrosona, Calculadora, Pare Cochero. Pepe Olmos aliimba. Baadaye akaungana naye Rafael Bacallao, aliyeitwa Felo, ambaye alikuwa mchezaji kama alivyokuwa mwimbaji.

Mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda Januari 1959. Kumbi za kamari zikafungwa, vilabu binafsi vilivyowabagua watu kwa rangi vikafunguliwa kwa wote au vikafutwa, makampuni ya kigeni ya santuri yakaondoka, na kuanzia mwaka 1964 kampuni ya serikali, EGREM, ikawa ndiyo inayorekodi. Wanamuziki wengi waliondoka. José Fajardo, mpiga filimbi aliyeongoza charanga iliyoshindana na Aragón bega kwa bega, alibaki nje ya nchi. Aragón walibaki Kuba, wakawa waajiriwa wa dola kama walimu na madaktari, na vikwazo vya Marekani vikawafungia soko lililokuwa jirani kuliko yote. Mwaka 1965 walikwenda Paris na kundi kubwa la wasanii wa Kuba, wakapanda jukwaa la Olympia, kisha wakaendelea na ziara kwenye nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki.

Afrika ilikuwa imeshawapokea kabla hawajafika. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilikuwa ikileta barani santuri za Kuba na Amerika ya Kusini katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Ziliuzwa kwenye bandari na miji ya reli, zikapigwa kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na watu wakasikia tumba zao wenyewe zikirudi kutoka ng'ambo. Cha-cha-chá ilipokuja na kina Aragón miaka ya 1950, masikio yalikuwa tayari. Joseph Kabasele na African Jazz walipokwenda Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati viongozi wa Kongo wakijadiliana na Wabelgiji, wimbo waliousherehekea uhuru nao waliuita Indépendance Cha Cha. Hawakuona haja ya kutafuta jina lenye heshima zaidi. Kwa Leopoldville ya wakati ule, chacha lilikuwa ndilo neno la watu walio huru.

Wanamuziki wa Kongo hawakuwa na safu za fidla, wala filimbi za mti za vibonyezo vitano. Walikuwa na magitaa. Kile kipande kifupi kinachorudiwa na nyuzi za Aragón kikahamia kwenye vidole vya mpiga ridhimu, na yale majibu ya filimbi yakaenda kwa mpiga solo. Hivyo ndivyo ninavyousikia muziki wa dansi wa miaka ile, na kila ninaporudi kwenye santuri za Aragón ninamsikia mpiga gitaa wa Kongo au wa Tanganyika akisubiri zamu yake.

Mali walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1964 serikali ya Modibo Keïta ilipeleka vijana 10 Havana kusomea muziki. Hukohuko wakaunda charanga yao, Las Maravillas de Mali, yenye fidla na filimbi, na mmoja wao, Boncana Maïga, akatoka kuwa mpiga filimbi na mpangaji muziki ambaye katika miaka ya 1990 alishiriki kuunda Africando, kundi lililowaunganisha waimbaji wa Senegal na wanamuziki wa salsa wa New York. Katika miaka ya 1970 Aragón wenyewe walizuru Afrika, wakakuta watu wanaoimba nyimbo zao kwa Kihispania cha kukariri, silabi kwa silabi.

Kwetu, mapenzi hayo yana anwani: Morogoro. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alizipenda santuri za Kuba kiasi kwamba katika ujana wake aliondoka nyumbani na wenzake akakusudia kupanda meli Mombasa aende huko. Hakuvuka. Alirudi, akaanzisha bendi ya La Paloma mwaka 1948, kisha mwaka 1952 akaunda bendi iliyobeba nia yake jinani, Cuban Marimba. Aliimba kwa Kiswahili kuhusu mapenzi, mashemeji na uhuru, juu ya midundo ya rumba, bolero na chacha. Santuri za bendi hiyo ziliandikwa mtindo wa dansi kwenye lebo, kama zilivyoandikwa santuri za Havana, ili mnunuzi ajue atachezaje kabla hajaweka sindano. Visiwani nako, kwenye taarab, maneno rumba na bolero yalikwishazoeleka kuwa majina ya midundo, na huko fidla hazikuhitaji kutafutiwa mbadala; zilikuwepo. Mzee wa Zanzibar akisikia charanga kwa mara ya kwanza hashangai kuona fidla pamoja na ngoma. Anashangaa tu kwamba hakuna ganuni.

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Katika miaka ya 1970 Havana ilikuwa na vijana wenye haraka. Juan Formell alikuwa ameanzisha Los Van Van mwishoni mwa mwaka 1969, akabakisha fidla na filimbi za charanga lakini akaongeza vyombo vya umeme na drums. Aragón hawakumkimbilia. Mpiga selo wao, Tomás Valdés, alibuni mtindo wa chaonda, wenye uzito zaidi chini, na bendi ikaupokea bila kuacha yale ya zamani. Mwaka 1978, wakati uhusiano wa Marekani na Kuba ulipolegea kidogo, walipiga New York, katika Lincoln Center. Jiji lile lilikuwa limekwisha kuwa na charanga zake tangu mwanzo wa miaka ya 1960, za kina Charlie Palmieri na Johnny Pacheco, zilizojifunza kwa kusikiliza santuri. Sasa walimu walikuwa jukwaani mbele yao.

Agosti 1982 Rafael Lay alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa ameiongoza bendi kwa miaka 34. Njia iliyomchukua Salum Abdallah ikamchukua na yeye, na kwa Aragón pia swali likawa lilelile lililoikuta Cuban Marimba: nani atasimama mbele? Egües alishika usukani kwa muda, hadi mwaka 1984 alipoiacha bendi aliyoitumikia kwa karibu miaka 30. Aliishi Havana hadi alipofariki mwaka 2006.

Aliyechukua uongozi baada yake ni Rafael Lay Bravo, mtoto wa Lay. Hakuletwa ili kurithi. Alikuwa ameshaingia bendini miaka michache kabla ya msiba, akakaa kwenye safu ya fidla na kupiga kile alichopangiwa, kama alivyofanya baba yake Cienfuegos mwaka 1940. Mwaka 2019 bendi ilitimiza miaka 80, yeye akiwa mbele na fidla yake, jina la Orestes Aragón likiwa bado palepale, na El Bodeguero ikiombwa kila ilipopiga.